Mkono wa Pili

Mererid aliniletea kipande cha karatasi, upana wa kidole,
amekishika kama tiketi ya bahati nasibu.
"Hii," akasema. "Chumba cha mbele, na ujia, na dari ukipenda."
Dari sikupenda. Nyumba za Bethesda zina dari fupi,
mvua ya Welisi imezikandamiza vya kutosha.

Rangi yenyewe niiite nini?
Si zambarau; zambarau hupiga kelele.
Si damu ya mzee; ile ina hasira.
Ni plamu iliyosahauliwa kwenye bakuli
ikiwa bado na vumbi lake jeupe,
lile ambalo ukiligusa hufutika
na hujui kulirudisha.
Kiwandani wameipa jina refu la kitajiri.
Mimi niliandika juu ya kifuniko: MBELE.

Goronwy alikuwa jikoni, mlango wazi,
magoti yake yakiota moto.
Miaka thelathini na mmoja kwenye machimbo ya mawe ya paa,
na macho yaliyozaliwa bila wekundu.
Nyanya mbivu na mbichi kwake ni pacha.
Siku ya harusi, alinieleza akicheka,
alivaa soksi moja ya kijani, moja nyekundu,
na kanisa zima likanyamaza kwa adabu.

"Anataka rangi gani?" akaninong'oneza.
Nikasita. Fundi hupewa siri za kuta,
za ndoa hazimo kwenye malipo.
"Kijivu!" Mererid akajibu toka ngazini,
upesi mno.

Nikaanza kubandua. Chini ya karatasi ya ukutani, karatasi,
chini yake nyingine, maua juu ya maua,
mwisho plasta, na kwenye plasta, kando ya dirisha,
mistari ya penseli: vimo vya watoto wawili.
Mmoja anapanda, anapanda, hadi begani kwangu.
Mmoja anakoma kiunoni.

Nilishika msasa. Nikauweka chini. Nikamwita.
"Funika," akasema.
Kisha, "Ngoja."
Kisha, huku anafuta dirisha lisilo na uchafu,
"Funika. Lakini hapo, mkono mmoja tu."

Mkono wa kwanza ni mwongo siku zote:
mabaka, unyevu, ini la buchani.
Mererid aliingia na kiganja mdomoni.
Nikamwambia, kalale mama, rangi nayo hulala.
Asubuhi ilikuwa imetulia.
Nikapiga wa pili, rola polepole, brashi pembeni,
nikiruka kiraka kile kando ya dirisha.
Ikifika saa tisa, mwanga wa Novemba ukianza kukata tamaa,
ukuta ulirudi nyuma hatua moja
kama mtu anayekupisha mlangoni.

Siku ya tatu Goronwy akaingia, mkononi kigae cha jiwe
kutoka banda la kuku.
Akalamba gumba, akalisugua jiwe hadi likalowa,
akalibandika ukutani.
"Wanunuzi walikuwa wakiyaita mawe yetu ya zambarau.
Mimi niliwaamini tu, kama unavyoamini habari za nchi ya mbali.
Niambie, kijana. Vinafanana?"

Jiwe lililolowa na ukuta uliokauka.
Hata mpaka kati yao sikuuona.
Mererid alikuwa ameketi ngazi ya tatu,
aproni imejaa matone ya uongo wake.
"Vinafanana," nikasema.

Akaanza kulitembeza jiwe, taratibu,
juu ya kiti, kando ya swichi, hadi dirishani,
akasimama.
Wekundu haoni, lakini giza na mwanga
hakuna aliyewahi kumdanganya.
"Hapa umeacha," akasema. "Hapa pamefifia."

Nikamtazama Mererid. Mererid akatazama sakafu.
Mzee akapitisha kiganja pale, kwenye kimo cha kiuno,
akakiacha kidogo, kana kwamba pana nywele.
Jiwe akalitia mfukoni, likiwa bado bichi.

"Basi," akasema, "pasiguswe."
Akaenda kuweka birika.